Zulia Lililokuwa Ndani ya Disketi

Zulia lilikuwa limesimama kwenye kitanda cha mfumi, nusu limefumwa na nusu nyuzi tupu, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Zdravka aliyelifuma alikuwa amezikwa nusu mwaka sasa. Dada yake mdogo, Bogdana, alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu pale Chiprovtsi, mji mdogo wa Bulgaria, aliyetaka kusikia na asiyetaka, kwamba zulia la marehemu haliachwi likining'inia hivihivi: ama linamaliziwa, ama linakatwa. Na habari za kulikata hakutaka hata kuzisikia.

Basi Ognyan, mtoto pekee wa Zdravka, alipofika kutoka Sofia kwa ajili ya kumbukumbu ya nusu mwaka, hata koti hajavua, mama yake mdogo alimtazama juu hadi chini.

"Umekonda. Huko Sofia mnakula nini, umeme?"

"Nakula, mama mdogo. Kazi tu ni nyingi."

"Kazi. Haya, nimekuwekea nyingine."

Akamtia mkononi bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na disketi moja, zile za zamani zilizo pana na nyembamba, zinazojikunja ukizishika vibaya. Juu yake mama yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino neno moja tu: zulia.

Ognyan aliifahamu ile disketi mara moja, na kitu kikamchoma. Kwa miaka mingi, kila Pasaka na kila mwaka mpya, mama yake alikuwa akimuuliza swali lilelile kwenye simu: mwanangu, umempata mtu wa kuifungua ile disketi yangu? Naye kila mara alijibu, nitaangalia, mama. Hakuangalia. Hakuwahi hata kuuliza mna nini ndani. Alidhani ni mitihani ya hesabu, kwa kuwa Zdravka alikuwa mwalimu wa hesabu, na kompyuta za kwanza zilipoletwa shuleni ndiye aliyekabidhiwa funguo za chumba cha mashine hizo, si kwa sababu alizijua, bali kwa sababu wengine wote walizikimbia.

Sasa ndipo Bogdana alipomweleza. Mwaka ule Ognyan alipokwenda Sofia kusoma chuo kikuu, Zdravka alikuwa akibaki shuleni baada ya masomo, peke yake mbele ya kioo chenye herufi za kijani, akitunga zulia. Zulia la Ognyan. Si la mtindo wa kawaida, wa vyungu vya maua na vifaranga, bali la kutunga mwenyewe toka chini hadi juu. Sehemu ya chini aliwahi kuichapa kwenye karatasi. Utepe wa wino wa mashine ya kuchapa ukaisha, na kabla haujapatikana mwingine shule ikazitupa zile mashine zote. Sehemu iliyobaki ikabaki ndani ya disketi. Miaka ikapita, sufu ikawa ghali, nyumba ikahitaji paa, akastaafu. Ndipo akasimamisha kitanda cha mfumi nyumbani kwa Bogdana na kuanza kufuma kwa zile karatasi chache alizokuwa nazo. Alifika pale zilipoishia akasimama.

"Nilimwambia amalizie kwa akili yake," alisema Bogdana. "Akakataa. Alisema, nitasubiri, Ognyan ataleta iliyobaki. Alikuwa anakuja hapa asubuhi, anapangusa vumbi, anakaa kidogo, anaondoka."

Ognyan aliirudisha disketi kwenye bahasha taratibu. Alikuwa mtu wa karibu miaka hamsini, mwandishi wa programu aliyeheshimika, mwenye vijana wengi chini yake.

"Karatasi zake ziko kule nyuma ya kitanda cha mfumi, kwenye msumari," Bogdana akaongeza. "Nenda kaziangalie kwanza."

"Baadaye, mama mdogo. Namuwahi Svilen Vratsa kabla hajafunga."

Na akaenda zake. Mtu ana haki ya kuharakisha, hilo silikatai. Lakini kutoka pale aliposimama mpaka kwenye ule msumari hapakuwa na umbali wa kumchosha hata kuku.

Svilen alisoma naye chuo, na siku hizi alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini Vratsa, kimejaa mashine za kale hadi darini. Alimpokea kwa utani wake wa siku zote, akamwita bosi, akamuuliza kama amekuja kutembelea jumba la makumbusho au kukaa humo moja kwa moja. Kisha akaitoa ile disketi kwenye bahasha, akaielekezea dirishani, na utani ukamwisha.

Alisema rangi ya sumaku, ile inayoshika maandishi, imeanza kubanduka. Huenda ikasomeka mara moja tu. Huenda isisomeke kabisa. Aliitumbukiza. Mashine ilikwaruza, ikanyamaza, ikalia tena kwa sauti ya kisu kwenye sahani, na wote wawili wakainamia kioo. Mwishowe jina la faili likatokea, faili lenyewe likapita kwenda kwenye flashi ya Ognyan, na Svilen akaichomoa disketi. Ilikuwa na mchirizi mweupe kuzunguka pande zote.

"Hii imekwisha," alisema. "Nikuwekee nakala hapa kwangu?"

"Ya nini? Nitaifungua kesho asubuhi, nitaihifadhi vizuri, basi."

"Ni sekunde tu, Ognyan."

"Svilen, mimi hii ndiyo kazi yangu."

Svilen akamrudishia flashi. Hapa inafaa kusema kwamba wale vijana wa kazini kwake Ognyan walimpa jina la kisirisiri, Mzee Nakala, kwa sababu haikupita wiki bila kuwahubiria: kabla hujagusa faili la mtu, weka nakala pembeni. Kijana mmoja aliwahi kulia chooni kwa maneno aliyoambiwa kwa kosa la namna hiyo.

Asubuhi yake walikwenda makaburini. Padri alisoma, wanawake wakagawa ngano iliyochemshwa na kunyunyizwa sukari, Bogdana akamwaga divai nyekundu kidogo juu ya udongo na kusema na dada yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua. Alimwambia kwamba Ognyan amekuja, na kwamba ameleta. Ognyan alisikia, akainamisha kichwa. Kwa kweli wakati ule alijisikia vizuri. Alijiambia kwamba amechelewa, ndiyo, lakini hatimaye amefanya.

Walipotoka makaburini wanawake walikwenda kuandaa meza kwa Bogdana, Ognyan akaingia jikoni kwa mama yake, akafungua kompyuta yake ya kubebeka juu ya kile kitambaa cha meza chenye maua, akachomeka flashi. Alitaka kuwa barabarani kabla ya mchana. Kazini walikuwa wanahamisha mfumo wa mteja mkubwa na simu ilikuwa haipoi.

Alifungua faili kwenye kihariri chake, programu ya kuandikia aliyoitumia kila siku. Kioo kizima kikajaa herufi za kigeni zenye vikofia na mikia, hazina maana yoyote. Kule kwao maandishi ya namna hiyo wanayaita maandishi ya nyani, na Ognyan, aliyekulia katika zama za nyani hao, alitabasamu tu. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila herufi ina namba yake, na ili usome faili la zamani ni lazima ujue mwandishi alitumia jedwali gani la namba. Akabadilisha jedwali kwenye kihariri: nyani wengine. Akaweka jedwali la Kirusi la zama zile, na hapo maneno yakaanza kuchungulia. Nusu ya herufi zilikaa sawasawa, na nusu ya pili zilikuwa vijiti, pembe na masanduku. Neno moja lilikuwa na kichwa bila miguu, jingine miguu bila kichwa.

Akajua mara moja kilichotokea, na hapo ndipo kiburi chake kilipoamka. Warusi katika jedwali lao waliikata alfabeti katikati na kuchomeka humo vijipande vya kuchorea mistari. Wabulgaria walijitengenezea lao, na humo herufi zote zilipangwa kwa safu moja bila pengo, na vile vijipande vikasogezwa mbele. Jedwali hilo la nyumbani siku hizi halimo hata kwenye orodha ya kihariri. Vijana wake hawajawahi kulisikia. Yeye alilijua kwa moyo. Njia ya uhakika ilikuwa kuandika programu ndogo ya kutafsiri faili zima, namba kwa namba. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Lakini simu ikalia tena, na huko uani harufu ya pilipili za kuchoma ikaanza kusikika, naye akaona kuna njia ya mkato. Akaanza kubadilisha vijiti kuwa herufi, kimoja kimoja, humohumo ndani ya kihariri: hiki kiwe herufi hii, kile kiwe ile. Maneno yakawa yanajaa mbele ya macho yake. Nyekundu. Nyeusi ya maganda ya jozi. Safu. Njia. Sauti ya mama yake ikaanza kusikika humo, sauti ile ya ubaoni, fupi, isiyopoteza chaki.

Herufi zilipokwisha kurudi mahali pake, palibaki takataka. Kurasa kwa kurasa za vijiti, vijiuma vyenye meno mawili, pembe na matofali meusi, vimerundikana bila umbo. Ognyan aliviangalia kama mtu anavyoangalia utando wa buibui. Fremu, alijisemea. Kizazi kile kilipenda fremu. Mpe mtu wa miaka ile kompyuta aandike orodha ya vijiko vya kantini, naye atavizungushia mistari miwili miwili pande zote. Alikuwa amefungua mamia ya mafaili ya namna ile maishani mwake, ya maghala, ya hospitali, ya reli, na mara zote kazi ya kwanza ilikuwa kuzifagia fremu ili maneno yabaki.

Akaandika amri moja, akazifagia. Akabana mistari mitupu. Akahifadhi faili juu ya lile la zamani, kwa jedwali la siku hizi linalosomeka popote duniani, akatoa kurasa kwenye mashine ya kuchapa ya jirani, akafunga kompyuta. Kwa haki kabisa, alijipongeza.

Bogdana alipokea zile karatasi huku mikono yake bado ina unga. Alijifuta kwenye aproni, akavaa miwani, akasimama mbele ya kitanda cha mfumi na kusoma kwa sauti. Ognyan alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi.

"'Safu hizi kama zilivyo hapa chini,'" alisoma Bogdana. Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Hapa chini wapi?"

Akaendelea. "'Njia inapinda, angalia.' Niangalie nini? 'Nyekundu inaanza kwenye kona hii.' Kona ipi, Ognyan?"

"Labda hakumalizia kuandika, mama mdogo."

"Nani, dada yangu? Asimalizie?"

"Ndivyo lilivyo faili. Hayo ndiyo maneno yote yaliyokuwamo."

"Maneno! Nani kakuuliza maneno? Mchoro uko wapi?"

Akamshika mkono wa koti na kumpeleka nyuma ya kitanda cha mfumi, upande ule mfumaji anakokaa. Kwenye msumari zilitundikwa karatasi ndefu zilizotobolewa matundu pembeni, zimepauka, zimechakaa kwa vidole vya mama yake. Na juu yake palikuwa na zulia lenyewe, limechorwa kwa vijipande vyenye vivuli: chepesi, kizito zaidi, kizito kabisa, tofali jeusi. Kila kivuli na rangi yake ya sufu. Toka mbali kidogo ulikuwa unaona kila kitu. Pindo la chini lenye vikulabu. Nyumba yao na bomba la jiko. Mlangoni mwanamke, amechorwa kwa pembe tatu tupu, na mbele yake njia, na juu ya njia mtoto wa kiume mwenye mkoba anakwenda juu. Njia ilipanda ikaanza kujipinda, na karatasi ikaisha.

Ognyan aliangalia karatasi, akaangalia zulia lililofumwa kwa karatasi zile, lenye nyumba ileile na mtoto yuleyule mwenye koti la bluu lilelile alilokwenda nalo yeye chuo. Sasa akaelewa. Kwenye jedwali la Kirusi vivuli vyote vile vilikuwa vimegeuka vijiuma vyenye meno mawili. Vilikuwa vimehama namba pamoja na herufi, na hilo alilijua, alikuwa analijua kabisa, alirudisha herufi tu na vivuli akaviacha vilivyo. Kama angeandika ile programu ndogo, picha nzima ingefunguka mbele ya macho yake jikoni kwa mama yake.

"Nimekosea kidogo," alisema. Akaweka funguo za gari chini. "Nipe muda, mama mdogo. Nitairudisha."

Hakurudi Sofia siku ile. Alifungua kompyuta pale pale sakafuni. Kihariri kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Nakala za dharura ambazo kihariri hujiwekea chenyewe alizizima zamani, kwa mkono wake, kwa sababu zilimchafulia folda. Aliendesha programu za kufukua vilivyofutwa kwenye flashi. Zikamletea picha za likizo, vipande vya muziki, na faili lake jipya, safi kabisa, linalosomeka popote duniani. La zamani lilikuwa limeandikwa juu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika juu.

Akampigia Svilen. Svilen alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza," alisema.

"Najua."

"Nilikuuliza, ukaniambia hii ndiyo kazi yako."

"Svilen, najua uliniuliza. Faili halikupitia kwenye mashine yako?"

Halikupita. Lilitoka kwenye disketi likaenda moja kwa moja kwenye flashi, kama alivyotaka mwenyewe. Hata hivyo Ognyan aliendesha gari hadi Vratsa na ile disketi kifuani, kama anayempeleka mgonjwa. Svilen hakumtania tena. Alijaribu mashine moja, akajaribu nyingine, akaiosha disketi kwa spiriti na kitambaa laini. Mwishowe akalifungua ganda lake na kuiinua dirishani, na pale palipokuwa na mchirizi mweupe sasa plastiki ilikuwa angavu kama glasi, unaona mtaa wa pili kupitia humo. Svilen alisema polepole kwamba hakuna mtu katika nchi nzima atakayesoma hiyo. Kisha akamtengenezea kahawa, naye hakuinywa.

Siku zilizofuata alizipitisha kwenye nyumba ya mama yake akitafuta. Alifungua makabati, akapekua mikebe ya vifungo, akaenda shuleni kuuliza kama kuna aliyeweka disketi za zamani. Mlinzi alimcheka kwa upole. Kazini walipopiga simu hakupokea, na walipopiga tena aliizima. Alikuta sufu, yote imekwisha kutiwa rangi, imesokotwa na kupangwa kwenye kikapu kwa ajili ya sehemu ya juu: nyekundu, manjano, kijani, kijivu, na fungu moja la rangi ya dhahabu ambalo halikuwa limetumika popote sehemu ya chini. Mama yake alikuwa tayari. Alikuwa amekosa kitu kimoja tu, na kitu hicho kingeweza kupatikana wakati wowote ule kwa safari ya siku moja ya Vratsa. Ognyan akakaa chini pale pembeni ya kikapu na kulia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake.

Mwishowe alikibeba kile kikapu, akaenda kwa Bogdana. Alimkuta kwenye kiti cha dada yake, nyuma ya kitanda cha mfumi, akitoa manyoya kwenye meno ya kitana kile kizito cha kushindilia uzi. Ognyan alimwambia yote bila kujitetea. Alimwambia kwamba mchoro ulikuwamo, mzima, na disketi iliutoa mzima, na kwamba aliufuta yeye mwenyewe kwa amri moja kwa sababu alidhani ni takataka na kwa sababu alikuwa na haraka.

Alisubiri matusi. Bogdana alijulikana kwa matusi. Aliwahi kumfukuza mpimaji ardhi mpaka kwenye kituo cha basi. Lakini hakutukana. Aliendelea kusafisha kitana mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo hakuna mtu mwingine aliyeuona," alisema.

"Hakuna. Kama hakukuonyesha wewe."

"Mimi? Alisema atauona kwanza mwenye zulia." Akavua miwani. "Basi umeuona wewe. Umeuona wote, toka hapa hadi juu."

"Nilikuwa na faili zima mbele yangu, ndiyo, lakini..."

"Ngoja. Usinieleze kompyuta. Hata kama ulikuwa umeharibika. Dada yangu alichora njia, huyu hapa mtoto, anapanda. Mimi nimefuma tangu nikiwa sifikii mti wa juu wa kitanda cha mfumi. Sihitaji safu kwa safu. Niambie tu njia inakwenda wapi. Kule juu kuna nini? Kuna mji? Kuna nyumba? Anarudi? Ukinipa hilo, mengine nitayapata."

Ognyan alifumba macho. Alitafuta kwa nguvu zake zote. Alikumbuka jina la faili. Alikumbuka ukubwa wake. Aliikumbuka ile amri aliyoiandika, kila alama yake, angeweza kuirudia pale pale. Alikumbuka harufu ya pilipili na simu inayolia. Zile kurasa zilipita mbele ya kioo chake moja baada ya nyingine, zote, na yeye alikuwa anazishusha kwa kidole kutafuta wapi zinaishia.

Bogdana alikuwa anangoja, amemkazia macho, na uso wake ulikuwa na matumaini kweli.

"Sikuangalia, mama mdogo," alisema.

Bogdana aliivaa tena miwani yake. Kisha akageukia kikapu. Mkono wake ulipita juu ya lile fungu la dhahabu, ukasita, ukaliacha. Akachukua rangi ya kijivu, ile ya njia.

"Sogea," alisema. "Unanizibia mwanga."

Aliifuma njia ikaenda juu moja kwa moja, bila kupinda tena, mpaka nyuzi zilipokwisha, na pembeni hakuweka kitu. Ognyan alikaa pale hadi siku ya mwisho, akimpa uzi. Bogdana hakumsemesha sana, wala hakumnunia. Lile fungu la dhahabu alilipeleka kanisani.

Zulia sasa liko Sofia, ukutani kwake, mahali ambapo mtu hawezi kupita asilione. Wageni hulisifu, hasa nyumba na yule mwanamke wa mlangoni. Wakimuuliza yule mtoto mwenye mkoba anakwenda wapi, Ognyan hujibu kwamba hajui, nao hudhani anatania.